Nyumba ya kupanga Ujerumani, kuta nyeupe pee: niipambe au nivumilie tu?

binti_rufiji

Wadau habarini za jioni. Naomba ushauri kwa walioko nje, hasa Ujerumani, ila hata wa kwingine karibuni mchangie.

Niko Leipzig nasomea unesi huku nafanya kazi, mpaka juzi juzi nilikuwa hosteli, sasa nimepata nyumba yangu mwenyewe huku Grünau, yale maghorofa ya zege ya enzi za Ujerumani Mashariki, chumba na sebule na kabalkoni kadogo. Nimemshukuru Mungu maana kupata nyumba huku si mchezo. Ila siku ya kupewa ufunguo nilisimama mlangoni nikabaki naangalia tu. Jikoni hakuna sinki, hakuna kabati, hakuna jiko, kuna mabomba yamechomoza ukutani yamezibwa vifuniko basi. Taa hakuna hata moja, juu zinaning'inia nyaya. Kuta nyeupe kila upande, sakafu kijivu, na mwezi huu saa kumi na nusu jioni nje ni giza totoro. Natoka wodini kuta nyeupe narudi nyumbani kuta nyeupe, nikikaa naona kama bado niko zamu.

Sasa mume wangu yuko Dar, tunajenga Bagamoyo, tumefika lenta. Yeye anasema nisiweke hata senti kwenye nyumba ya mtu, mafunzo ni miaka mitatu tu, nunua godoro na sufuria mbili hela tuma tupaue. Simlaumu, hela yenyewe ya mwanafunzi. Lakini anayelala humu ni mimi jamani.

Kwa hiyo naomba kujua, rangi naruhusiwa kupaka? Kutoboa ukuta je? Dipoziti nimelipa ya miezi mitatu sitaki ipotee. Jiko napata wapi la bei ya kawaida? Na nikienda likizo nibebe nini kutoka nyumbani cha kupambia ambacho hakitakula kilo zote za begi? Natanguliza shukrani.

fundi_bisibisi

Hongera kwa nyumba dada. Mimi nipo Hamburg, kazi yangu ndo hizihizi za kuhamisha watu na kufunga makabati, kwa hiyo nitaandika kirefu mnivumilie.

Hilo la jiko lisikushtue, huku ndo kawaida yao, mpangaji akihama anabeba jiko lake lote na sinki na kabati, au anamuuzia anayeingia. Ingia Kleinanzeigen, ile tovuti ya matangazo ya kuuziana vitu, uandike Küchenzeile, yaani seti ya jikoni ya makabati na sinki, weka umbali mdogo kuzunguka kwako, na angalia sana mwisho wa mwezi maana ndo watu wanahama na wana haraka, kuna wanaouza bei ya kutupa na kuna wanaotoa bure kabisa mradi uje uifungue mwenyewe uondoke nayo. Kabla hujampigia mtu simu pima ukuta wako, na uangalie bomba la maji liko kushoto au kulia na soketi kubwa ya jiko iko wapi, watu wengi wanabeba jiko zuri likifika sinki linaangukia upande usio na bomba. Na hapo nikuonye, jiko la umeme la huku linaunganishwa na umeme wa fezi tatu, volti 400, hilo usimpe shemeji akufungie, ita fundi umeme mwenye karatasi zake. Likitokea la kutokea bima wataanza na swali la nani alifunga. Kwa sasa nunua kajiko ka plati mbili ka kuchomeka soketi ya kawaida utapika ugali wako bila shida.

Rangi. Ukiwa bado unaishi humo unaweza kupaka unavyotaka, hata zambarau, ni nyumba yako ya kuishi. Shida ni siku ya kurudisha. Mwaka 2013 mahakama yao kubwa ya shirikisho, BGH, iliamua kesi ya wapangaji waliopewa nyumba nyeupe wakapaka nyekundu, njano na bluu wakairudisha hivyohivyo, mahakama ikasema walipe fidia, maana mwenye nyumba hawezi kumpata mpangaji mwingine kirahisi kwa rangi kali namna hiyo. Kwa hiyo paka, lakini ujue utarudisha kwenye rangi tulivu kabla ya kutoka. Nyeupe au krimu au kijivu hafifu haina maneno. Na kitu wengi hawakijui, ukikabidhiwa nyumba ambayo haijapakwa rangi, imechoka, na hawakukufidia chochote, basi kile kipengele cha mkataba kinachokulazimisha kupaka wakati wa kutoka hakina nguvu, hiyo waliamua Machi 2015. Ndo maana nasema kila siku, PIGA PICHA. Kila ukuta, kila tundu, kila mchubuko wa sakafu, na iandikwe kwenye ile karatasi ya makabidhiano. Kama hujafanya fanya leo usiku kabla hujaingiza kitanda, kisha uwatumie kwa barua pepe ili tarehe ionekane.

Kutoboa unaruhusiwa, matundu ya kiasi cha kawaida ya kutundikia picha, shelfu na pazia ni matumizi ya kawaida ya nyumba, usigeuze tu ukuta kuwa chekeche. Bafuni toboa kwenye mstari wa saruji katikati ya taili, usitoboe taili lenyewe, tundu la kwenye mstari linazibika lisionekane, taili likipasuka utalilipia. Ila wewe uko Grünau, hayo majengo yalianza kujengwa 1976 kwa mabamba ya zege, drili ya kawaida itakulilia tu isiingie hata sentimita. Tafuta drili ya nyundo, maduka ya vifaa vya ujenzi kama Bauhaus au OBI wanakodisha. Na ISIWE Jumapili. Jumapili na sikukuu hakuna kelele siku nzima, na kila siku kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na soma sheria za jengo lenu maana mengi yana mapumziko ya mchana pia, saa saba hadi saa tisa. Kwenye zege ukitoboa gorofa ya kwanza wa gorofa ya tano anasikia.

Dipoziti kisheria mwisho ni miezi mitatu ya kaltmiete, yaani kodi tupu kabla ya hita na maji, na mpangaji ana haki ya kulipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Wewe umeshalipa sawa, wengine wasikie.

JengaKwenu

Mi niko upande wa shemeji. Samahani dada.

Nimeona watu huku Düsseldorf, sofa la ngozi, tivii ukuta mzima, mazulia, halafu mama yake kijijini anaishi nyumba inavuja. Siku mkataba ukiisha au viza ikikataliwa unauza sofa la euro elfu kwa euro themanini kwa mtu anayekuja na gari la kuazima na anakuomba upunguze tena. Hela hiyo ingekuwa mabati. Hiyo nyumba ni ya kampuni, ukipaka rangi nzuri umewapakia wao, na ukitoka unawapakia tena nyeupe kwa hela yako, yaani unalipa mara mbili ili urudi ulipoanzia. Kaa kwenye godoro dada miaka mitatu inaisha. Mimi nina kitanda, meza na kiti kimoja na nina nyumba yangu Kibaha imeshapauliwa.

shangazi_wa_Nürnberg

JengaKwenu kaka yangu kiti KIMOJA? mgeni akija anakaa wapi, au hawaji?

Binti karibu sana Ujerumani. Mimi niko huku muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema, nilipokuja mume wangu naye alisema miaka miwili tunarudi, watoto wamezaliwa hapa wamemaliza shule hapa. Sikuambii utakaa kama mimi, lakini nimeona wengi wameishi kwenye maboksi wakisubiri kurudi na kurudi kwenyewe kukasogezwa kila mwaka. Na wewe una kazi ya zamu za usiku, mwili unahitaji pahala pa kutua. Nesi asiyepumzika nyumbani ataanza kuumwa yeye.

Ila kwenye hela JengaKwenu ana hoja, msimpuuze. Mimi kanuni yangu ni kwamba hela haiingii kwenye ukuta wala sakafu ya mtu, inaingia kwenye vitu ninavyoweza kuvifungasha. Taa, pazia, zulia, vitambaa, mimea. Hivyo vinahama na mimi, na vikinichosha nauza.

Anza na TAA, kabla ya rangi kabla ya kila kitu. Hiyo kuta nyeupe unayoichukia si rangi tu, ni balbu. Ukienda dukani soma kwenye boksi, chukua iliyoandikwa 2700 K, hiyo inatoa mwanga wa njano wa kutuliza, ukichukua ya 6500 utakuwa umeihamishia wodi sebuleni. Usiweke taa moja kubwa katikati, weka tatu ndogo, moja ya kusimama kwenye kona, moja ya mezani, moja dirishani. Ukuta mweupe ukimulikwa na mwanga wa njano kutoka chini unageuka rangi wenyewe, hujalipa kopo la rangi wala hutadaiwa. Za kusimama na za mezani zinachomekwa tu hazihitaji fundi, zile nyaya za juu utazifunga taratibu, na kama hujawahi kufunga mwachie anayejua.

Halafu vitambaa. Doti ya kanga haina uzito na vipande viwili ukivitandaza ukutani upana wake ni karibu mita tatu, ni ukuta mzima wa sebule huo. Usipigilie misumari kitambaa, nunua vile vipande viwili vya mbao vyenye sumaku wanavyotundikia mabango, vinabana juu na kingine chini kitambaa kinanyooka, na ukichoka unabadilisha kanga nyingine, tundu ni moja tu. LAKINI fua kwanza. Kanga mpya nyekundu inatoa rangi na huku ndani kuna unyevu wa kupika na kuanika nguo, ikigusa ukuta mweupe na unyevu ukaingia hiyo alama haitoki, hapo ndo dipoziti inaanza kuliwa. Na usiitundike dirisha la kusini, jua la kiangazi linapausha vibaya.

Na nyuma ya kitambaa au kabati acheni nafasi. Ukuta wa nje msimu wa baridi unakuwa wa baridi kweli, kabati likiugusa unyevu unagandia huko nyuma unaota ukungu mweusi, na mwenye nyumba atasema hukupitisha hewa. Acha upana wa kiganja, na asubuhi na jioni fungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi kisha funga, usiliache dirisha limelazwa nusu kutwa nzima, hiyo inapoza ukuta na hita inakula hela bure. Pazia refu nalo lisifunike hita iliyo chini ya dirisha, joto lote litaishia nyuma ya pazia.

binti_rufiji

Shikamoo shangazi, nimecheka hapo kwa kiti kimoja 😂 na asante fundi, picha nimepiga zote jana usiku kwa tochi ya simu maana taa sina, leo nimerudia mchana.

Maswali mengine mawili. Kuta zangu si laini, zina vichembe vichembe kama mtu kamwaga pumba kabla ya kupaka rangi. Kuna rafiki kaniambia ninunue zile gundi za kubandika ndoano bila kutoboa, zitashika? Na la pili mimi napenda kufukiza udi Ijumaa na wageni wakija, kuna kitu cheupe cha duara juu chumbani na koridoni kina kataa kekundu kanawaka kanazima, kinanitisha.

fundi_bisibisi

Hiyo inaitwa Raufaser, ni karatasi ya ukutani yenye vichembe vya mbao ndani yake, imejaa Ujerumani nzima. Gundi za kubandika hazishiki vizuri hapo, kwanza zinagusa vichembe tu, pili zikishika zinashika karatasi, siku picha ikianguka inashuka na kipande cha karatasi na hapo una kazi ya kuziba. Weka ndoano za kubandika kwenye taili, mlango laini, au kioo. Ukutani toboa tundu lako moja safi, weka fisha, ile plastiki ya kushikia skrubu, ya milimita sita, ukihama unaichomoa unaziba kwa puti unapitisha brashi ya rangi nyeupe juu, imeisha. Tena uzuri wa Raufaser ni kwamba kiraka hakionekani, kwenye ukuta laini kingeonekana.

Pazia unaweza kukwepa kutoboa kabisa, kuna fimbo zinazobana kwenye fremu ya dirisha kwa springi au kwa skrubu ya mkono, hazigusi ukuta.

Hicho cheupe ni king'ora cha moshi, ni lazima kisheria majimbo yote, kwenu Sachsen nyumba za zamani mwisho wa kufunga ulikuwa 31 Desemba 2023. Usikifunike na mfuko wa plastiki kama nilivyokuta nyumba moja, na usikitoe, ni mali ya jengo halafu ndo kinakuokoa usiku. Udi fukizia sebuleni, kama hakuna king'ora hapo, mlango wa koridoni umefungwa, dirisha wazi kidogo, chetezo kisikae chini ya king'ora. Au nunua chetezo cha umeme, hakitoi moshi mwingi. Na moshi wa udi au wa kukaanga samaki usiutolee kwenye mlango wa ngazi, toa dirishani, majirani wa ngazi moja ndo wanaoandika barua kwa kampuni.

kiondo_leicester

Sasa wasee, naona mko na sheria tamu huko. Hapa Uingereza nyumba nyingi za kupanga zinakuja na jikoni tayari, hio angalau wametuokolea, lakini ukuta ni mambo mengine. Mkataba wangu umeandika hakuna msumari, hakuna rangi, hata blutaki, ile gundi laini ya kubandikia mabango, hakuna bila ruhusa ya landilodi kwa maandishi, juu inaacha doa la mafuta. So mimi niliomba tu kwa imeili, nikasema nataka kupaka sebule na nitarudisha vile ilikuwa, agenti akasema sawa, na hio imeili nimeiweka mahali salama kuliko pasipoti. Watu wanaogopa kuuliza na kuuliza ni bure.

Dipoziti hapa England tangu Juni 2019 haiwezi kupita kodi ya wiki tano kama kodi ya mwaka iko chini ya pauni elfu hamsini, na landilodi lazima aiweke kwa skimu ya serikali ya kulinda dipoziti ndani ya siku 30. Asipofanya hivyo unaweza mpeleka kotini na anaweza kulipishwa mara moja hadi mara tatu ya hio pesa. Wakenya wengi hapa hawajui, wanahama wakiambiwa dipoziti imeisha kwa usafi wanaenda tu wakinung'unika. Ukiwa na mzozo skimu yenyewe inasuluhisha bure na inaangalia picha za kuingia na za kutoka, story mingi haisaidii.

Dada wa Leipzig, cheki pia charity shops, yale maduka ya mitumba ya kuchangia hisani, huko kwenu sijui mnaziitaje. Kabati la mbao ngumu la wazee unapata bei ya chakula cha siku moja juu hakuna kijana anataka kulibeba. Mimi sebule yangu ni viondo tatu za ukubwa tofauti nimetundika, mkeka wa mama, na meza ya charity. Watu wakikuja wanadhani nimetumia pesa.

Bi_Muscat

Asalaam aleikum. Mie niko Muscat, huku shida yetu nyingine, nyumba kubwa, taili kila pahala, na kiyoyozi kinanguruma mwaka mzima. Kuta za simenti tupu. Sie tulichofanya sebule moja hatukutia makochi, tumeweka majlisi ya chini, magodoro membamba yamezunguka ukuta na mito, tumetandika zulia. Ukihama unayakunja unatia garini. Nadhani hata huko Ujerumani kwenye nyumba ndogo inafaa zaidi kuliko sofa, wageni kumi wanakaa pahala pa sofa la watu watatu.

Vya kubeba kutoka nyumbani. Mkeka wa ukindu wa rangi, unakunjwa, uzito hauna, wa Pemba ndio mzuri. Makawa ya ukili yale ya kufunikia sinia, yatundike matano sita ukutani ukubwa mbalimbali, hayana kilo na yanapendeza kweli. Kivuli cha taa cha ukili nacho mafundi wanasuka, lakini beba kivuli tu, taa usibebe, plagi za kwetu si za huko na balbu za pini hazitoingia. Picha ya tingatinga usinunue yenye fremu, nunua kitambaa kitupu, kizungushe kwenye bomba la plastiki, fremu utatia huko huko.

Usije ukabeba kombe kubwa za baharini wala matumbawe wala gamba la kasa, hata kama umeuziwa ufukweni na risiti umepewa. Forodha za Ulaya wanakunyang'anya na faini juu.

shangazi_wa_Nürnberg

Bi Muscat umenikumbusha, na vinyago vya mpingo watu huwa wanauliza. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, ila vitu vilivyokwisha chongwa, kama kinyago cha kuweka mezani, vinaruhusiwa hadi kilo 10 za mbao hiyo kwa mzigo. Kwa hiyo kinyago kimoja viwili huna tatizo, ila ni vizito binti, kimoja cha kimakonde cha maana kitakula nafasi ya unga wako wa muhogo, chagua. Na ukija kwa ndege vitu vya kwako na zawadi jumla yake ikizidi thamani ya euro 430 unatakiwa kutangaza forodhani, weka risiti.

Mlima mzima wa vitenge hauwezi kufika thamani hiyo kirahisi, usiogope.

JengaKwenu

Naona nimekuwa adui wa wanawake wote wa uzi huu. Haya. Mikeka na makawa sina neno, hela yake imebaki kwa mama wa Pemba. Mimi ninachokataa ni sofa na rangi. Na mgeni akija kwangu anakaa kitini mimi nakaa kitandani, hatujawahi kugombana.

Dada swali moja la kiume, shemeji umemwambia bei ya hivi vitu au umemwambia tu "napamba nyumba"? Maana sisi tukisikia kupamba tunaona sofa. Mwambie taa tatu, mbao mbili za sumaku na kanga ulizonazo, mpe na hesabu yake, uone kama atabisha.

binti_rufiji

JengaKwenu leo umeongea. Nimempigia kweli, nikamwonyesha kwa video ilivyo, nikazungusha simu chumba kizima, akanyamaza kidogo akauliza "sasa unakula wapi?" nikamwambia dirishani nimesimama. Akasema jiko nunua. Taa nazo kakubali, rangi kakataa, nami rangi nimeiacha baada ya kusoma hapa, nitaanza na mwanga nione kwanza. Kuna bibi mmoja mtaa wa pili anatoa Küchenzeile bure, mwezi huu anahamia kwa mwanaye, sinki liko kushoto na bomba langu liko kushoto, ila lazima ifunguliwe na kushushwa ngazi gorofa ya nne hakuna lifti. Wanafunzi wenzangu wawili wamekubali kubeba. Fundi umeme wa kuja kuunganisha jiko nimeshapata.

Kilichobaki ni drili. Kukodisha naona wanataka na dhamana na kadi ya benki. Kuna mdau yeyote Leipzig au karibu ana drili ya nyundo aniazime Jumamosi? Matundu hayazidi kumi.

msukuma_wa_Halle

Nipo Halle, treni ni nusu saa tu mpaka kwako, drili ninayo na biti zake za zege saizi zote. Nije saa nne asubuhi tumalize kabla ya saa saba wasije wakatupigia ukuta. Fisha nunua wewe, milimita sita na nane. Malipo ni pilau, na kama hilo jiko litakuwa bado halijaunganishwa basi pika juu ya hizo plati mbili nitasubiri.

fundi_bisibisi

Msukuma beba na kile kifaa cha kutafuta nyaya ndani ya ukuta kama unacho. Usitoboe wima juu au chini ya soketi wala swichi, na usiguse usawa wa sentimita thelathini kutoka dari, nyaya huwa zinapita hapo, na kwenye majengo ya zamani zinaweza kukatiza popote. Na ufagio wa vumbi la zege ushikwe na mtu wa pili chini ya tundu wakati unatoboa, kifyonza vumbi kama kipo ndo bora.

msukuma_wa_Halle

Kifaa ninacho. Mtu wa pili atakuwa binti mwenyewe, mimi na pilau tuko ngazini.